Watoto Watano, Miezi Tisini na Saba

Ipagala, Dodoma
16 Machi 2025

Mdogo wangu Cornel,

Salamu nyingi kwako na kwa Mwanne mkeo. Sisi hapa tunaendelea vizuri. Shemeji yako anasumbuliwa na mgongo lakini kazini anakwenda. Brighton wetu amepangiwa mafunzo kwa vitendo kule Bahi, kwenye mashamba ya mpunga, na kila akipiga simu habari ni moja tu, mbu. Nasikia miguu ya Mama imepungua kuvimba. Asante kwa kumpeleka kliniki.

Nimekupigia mara nne. Najua simu inaita. Basi nimeandika, na bahasha hii nampa kondakta wa basi la Mpwapwa anayesema ulimfungia dishi nyumbani kwake.

Nina ombi. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule ya hapa mtaani. Mwalimu wa sayansi, Munira, binti wa Kondoa mwenye bidii sana, anaandaa kijitabu cha sayari kwa darasa la sita. Amefika kwenye Mshtarii amekwama. Nikamwambia nina ndugu yangu Mpwapwa, fundi wa madishi, ana darubini aliyoiunda kwa mikono yake, na hiyo sayari anaifuatilia kwa daftari. Rasimu iko humu ndani. Isome, sahihisha, uturudishie.

Mengine tutaongea tukionana.

Dada yako,
Evodia


Mpwapwa
2 Aprili 2025

Dada Evodia,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na nyumba niliyolelewa unaijua.

Mama hajambo. Anakula. Mvua imekata mapema, mtama wa bondeni umepona, wa juu umekauka. Mwanne anakusalimu. Simu zako nilizisikia. Kwenye simu wewe unalia halafu mimi nasahau nilichotaka kusema. Karatasi hailii.

Rasimu nimeisoma. Mwalimu anaandika vizuri ila takwimu zake ni za kitabu cha zamani. Mwambie hivi.

Mshtarii haina ardhi. Aondoe ile picha ya mtu amesimama juu yake na bendera. Ni gesi, hidrojeni na heliamu, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyobana na kuchemka mpaka ikusage. Hakuna mahali utaweka mguu useme nimefika. Upana wake ni Dunia kumi na moja zikipangwa mstari mmoja. Ukitaka kuijaza kama gunia, zitaingia Dunia elfu moja na mia tatu. Siku yake ni saa tisa na dakika hamsini na tano, maana yake pamoja na unene wote ule inajigeuza haraka kutushinda sisi. Mwaka wake unakaribia miaka yetu kumi na miwili. Lile doa jekundu si mlima, ni dhoruba, na Dunia nzima inaingia humo.

Miezi ameandika sitini na tatu. Afute. Hadi leo imeandikishwa tisini na tano. Na asione ajabu. Mwezi uliopita tu sayari ya Zohali iliongezewa miezi mia moja ishirini na minane kwa siku moja, ikafika mia mbili sabini na minne. Wale wataalamu wa anga wakigundua walihesabu pungufu, wanasema tulihesabu pungufu.

Sasa langu.

Tarehe 18 Januari, makaburini, ulisoma wasifu wa Mzee. "Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na wanne." Mimi nilikuwa upande wa makoleo. Mudrick, jirani tuliyechunga naye, akaniinamia akaniuliza, "Kumbe wewe hapa ulikuwa mgeni?" Nikamwambia shika koleo.

Nakukumbusha hesabu, naona imepotea. Mama yangu mzazi, mdogo wake Mzee, alifariki nikiwa na miaka minne. Mzee akanileta kwenu mwaka 1980. Nimekula sufuria moja na ninyi miaka kumi na minne. Shuleni yeye ndiye aliyeniandikisha Cornel Batholomeo, kwa jina lake, na cheti cha darasa la saba ninacho. Ninyi wa kuzaliwa ni watano, sawa. Nyumba ilikuwa na watoto sita.

Na kuna jambo dogo. Nimejumlisha wajukuu. Wa kwako watatu, wa Filipo wanne, wa Adamu wawili, wa Evelina wawili, Raphael hana. Hao ni kumi na mmoja. Ili wafike kumi na wanne lazima uhesabu watatu wangu. Mimi umeniacha, watoto wangu umewahesabu. Wamepitia wapi?

Na huyo Munira umemwambia una ndugu yako. Hukumwambia una mdogo wako.

Cornel Batholomeo


Ipagala
20 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Pasaka njema. Tumetoka ibadani sasa hivi, kanisa lilijaa hadi nje. Mwambie Mama vitenge vyake nimeshavipata, nitavileta mwenyewe.

Munira amefurahi mno. Amesema hajawahi kusahihishwa kwa adabu namna ile. Darasa zima limechora ile dhoruba, kuna aliyeichora na macho. Lakini ana swali. Watoto wanamuuliza miezi yote hiyo Mshtarii iliitoa wapi, wakati sisi tuna mmoja tu. Mjibu.

Kuhusu wasifu, ni makosa ya uchapaji. Unajua tulivyokuwa siku zile, kila mtu anakimbia huku na kule. Usiliweke moyoni.

Dada yako,
Evodia


Mpwapwa
11 Mei 2025

Dada Evodia,

Shikamoo. Mama aliumwa mafua, amepona. Anauliza vitenge. Mbuzi wake mmoja amezaa pacha na Mama anakutaka uje uwape majina, amekataa niwape mimi.

Mwambie Munira achukue tena kifutio. Tisini na tano imekufa. Mwishoni mwa mwezi wa nne wametangaza miezi mingine miwili, sasa ni tisini na saba. Ilipigwa picha mwaka 2017. Miaka minane watu wanafuatilia vidoa viwili wahakikishe havikosewi.

Swali la watoto ni zuri kuliko rasimu. Jibu ni kwamba miezi ya Mshtarii haikutoka mahali pamoja. Minane iko karibu nayo na inasadikiwa ilizaliwa pamoja nayo. Humo ndani imo ile minne mikubwa ninayoiona hata kwa darubini yangu ya bomba la maji. Io inamaliza mzunguko kwa saa arobaini na mbili na imejaa volkano. Europa ni barafu, na chini ya barafu wanadhani kuna bahari. Ganimedi ni kubwa kuliko sayari ya Zebaki. Kalisto ndiyo ya nje, siku kumi na saba kasoro. Io ikizunguka mara nne, Europa imezunguka mara mbili na Ganimedi mara moja, haipishani. Mimi nafunga madishi, nikikosea nyuzi mbili mteja haoni kitu. Mtu akiniambia jambo linakwenda sawasawa namna hiyo, navua kofia.

Hiyo mingine themanini na tisa ni midogo, iko mbali, na mingi wanasema haikuzaliwa pale. Ilikuwa mawe yanayopita, Mshtarii ikayavuta, yakabaki. Zaidi ya sabini inazunguka kinyume na mwenendo wa sayari yenyewe. Lakini hesabu ni moja, tisini na saba. Hawaandiki minane halafu wakaandika na wageni wao.

Nimemjibu Munira. Sasa nakujibu wewe. Makosa ya uchapaji yanakula herufi. Hayageuzi sita kuwa watano yakaacha kumi na wanne palepale. Na hata kama karatasi ilikosea, uliyesoma ni wewe, na macho yako ni mazima.

Msalaba wa zege utawekwa kwenye kumbukumbu ya mwaka, Januari. Nataka uandikwe watoto sita. Sitaki shamba, sitaki mfugo, Filipo alale usingizi. Nataka idadi.

Mshtarii inaingia kwenye mwanga wa jua sasa, itapotea macho hadi mwezi wa saba hivi. Sina kazi nyingine jioni zaidi ya kusubiri barua yako.

Cornel Batholomeo


Ipagala
3 Agosti 2025

Cornel,

Hatujambo. Najua nimekaa wiki kumi na mbili. Nilianza barua tatu nikazichana.

Umeniandikia kuhusu miezi kama vile sijui kusoma. Nimesoma. Umesema mwenyewe, kwa mwandiko wako, kwamba yale mawe yaliyookotwa njiani yanazunguka kinyume. Basi tuongee kinyume.

Mwaka 1994 uliondoka nyumbani asubuhi ukaacha zizi wazi. Hukuaga. Ulirudi 2009. Miaka kumi na mitano, Cornel, hakuna barua, hakuna salamu ya mtu. Kila Krismasi Baba alikuwa anauliza wanaotoka Dodoma kama wamekuona, na mimi nimekaa palepale mbele yake na sahani ya wali nimepika mimi. Aliyemvusha Baba kwenye kisukari ni mimi. Aliyesimama na Mama alipofanyiwa upasuaji ni mimi. Wewe umekuja na dishi lako ukamfungia taarifa ya habari, kijiji kizima kikasema mtoto amerudi.

Mtoto amerudi. Sisi ambao hatukuondoka tuliitwa nani?

Fundi anayetengeneza msalaba anataka maneno kabla ya mwezi wa kumi na moja kuisha. Nitampa yale yaliyosomwa.

Evodia


Mpwapwa
9 Agosti 2025

Dada Evodia,

Shikamoo. Barua imefika Alhamisi, leo Jumamosi najibu. Mimi sichani.

Zizi sikuacha wazi. Nililifunga kwa waya na Mudrick alikuwepo. Mengine yote uliyoandika ni kweli.

Sasa weka na haya. Mwaka 1990 nilimaliza la saba na nikafaulu. Wewe ulikuwa kidato cha tano. Ng'ombe walikuwa thelathini na mmoja na mchungaji alikuwa mmoja. Mzee alikuwa mtumishi wa josho, mwenye kazi ya kuhesabu mifugo ya watu wote, akashindwa kunitazama usoni akaniambia, "Subiri mwaka huu mmoja." Nilisubiri minne. Uliporudi likizo ulikuwa unanipa madaftari yako yaliyobaki kurasa, na hesabu zote ninazojua nilizitoa humo, nikiwa malishoni. Kwa hiyo usiseme sikukaa. Nilikaa mpaka nikaona nikiongeza siku moja nitamchukia Mzee.

Na kuhusu kinyume, usome mpaka mwisho. Ile miezi ya mbali inachukua miaka miwili na zaidi kumaliza duara moja. Imo kwenye orodha. Hakuna aliyeifuta kwa sababu ilichelewa kurudi, maana hata ikiwa huko iliko, kinachoizungusha ni ile ile Mshtarii. Hiyo sikuandika kukufurahisha. Ndivyo ilivyo.

Nimeiona leo alfajiri. Imerudi, iko chini mashariki, karibu iiguse Zuhura.

Nakuuliza mara ya tatu na sijibiwi. Kumi na wanne ilitoka wapi?

Cornel Batholomeo


Ipagala
23 Novemba 2025

Mdogo wangu Cornel,

Kijitabu kimetoka. Nakutumia nakala mbili, jina lako liko ukurasa wa kwanza, Munira amelazimisha. Ameandika tisini na saba na chini yake ameandika kwa herufi ndogo, "hadi sasa." Brighton amemaliza mafunzo. Shemeji yako ameanza mazoezi ya mgongo.

Nitakuambia halafu tusirudie.

Tarehe 7 Januari, wodini, Baba aliniambia nitoe kalamu. Akasema wasifu wake ataniambia yeye, hataki kusifiwa na watu waliokuja kula. Nikaandika alipozaliwa, nikaandika josho, nikaandika kipaimara. Akasema, "Ninaacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na wanne. Andika majina ya watoto." Nikasema haya. Akasema, "Cornel."

Nikadhani anakuita. Nikamwambia, "Cornel ameenda kutafuta uji, Baba, anarudi."

Akasema, "Simwiti. Andika."

Nikaandika. Kisha ndiyo akasema Evodia, akasema Filipo, Adamu, Evelina, Raphael, kama tulivyozaliwa.

Cornel, yule mzee ameitwa Baba Evodia miaka hamsini na mitatu. Joshoni, kanisani, hadi daktari alimwita Baba Evodia. Mama mpaka leo ni Mama Evodia. Nilimuuliza, "Baba, si unaanza na wa kwanza?" Akafumba macho. Akasema, "Nimeanza na niliyemnyima." Mimi nikakunja karatasi.

Ungekuwa wa sita ningesoma. Nakuapia, ningesoma kwa sauti. Nilipokuwa nachapa nikaweka majina yetu kama tulivyozaliwa, nikafika mwisho nikaona nikikuweka hapo nitakuwa nimemdanganya Baba, na nikikuweka juu nitakuwa nimejifuta. Nikatoa majina yote. Nikageuza sita kuwa watano. Wajukuu sikuwakumbuka.

Karatasi niliyoandika wodini nimeichana. Usinitafutie.

Evodia


Mpwapwa
7 Desemba 2025

Dada Evodia,

Shikamoo. Mama ni mzima. Vitenge ulivyompa kondakta amevipata, ameshashonesha kimoja.

Barua yako nimeikalisha karibu wiki mbili. Nilikwenda kufunga madishi matatu na yote matatu nilirudia.

Miaka thelathini na mitano nilikuwa nadhani Mzee hakuona. Kumbe aliona, akakuambia wewe, na wewe ukaliweka mfukoni. Kuniacha kwenye idadi ningelizoea, nimezoea mengi. Lakini lile neno lilikuwa langu. Alinipa kwa mkono wako ukalichana, halafu ukanitumia rasimu ya Mshtarii nisahihishe.

Sikiliza ninachotaka. Msalaba usiandikwe idadi yoyote. Jina, alipozaliwa, alipofariki, basi. Fundi wa msalaba nimeshamwambia. Tarehe 17 Januari wewe utasimama kanisani usome wasifu upya, kama alivyousema, kwa mpangilio aliousema. Lile la wodini usiliseme, hilo si la watu.

Usiposoma nitasimama mimi. Karatasi ya Mzee sina, ila barua yako ninayo, na mwandiko wako kanisa zima linaujua.

Sihitaji jibu.

Cornel Batholomeo


Mpwapwa
19 Januari 2026

Dada Evodia,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na mgongo wa shemeji haukusumbuka na safari.

Juzi niliondoka kabla ya chakula. Usitafute sababu nyingine, nilijua nikikaa meza moja na wewe nitasema jambo mbele ya Filipo. Nimekaa nje na Mwanne, tumekula kwa Mudrick.

Nilikuwa benchi la nne, kulia kwa Mama. Barua yako ilikuwa mfukoni mwa koti. Uliposimama uliigeuza karatasi mara mbili, nikajua hata wewe hujaamua. Ulisoma josho, ukasoma kipaimara. Ukafika kwa mjane ukanyamaza. Nilihesabu, nina tabia hiyo, nilifika kumi na moja. Kisha ukasema watoto sita. Ukasema Cornel. Ukasema Evodia.

Nimesikia watu waliokaa nyuma yangu wakinong'ona. Mmoja kasema, "Kwani si Evodia mkubwa?" Mwenzake akamwambia nyamaza. Najua umewasikia pia. Utaulizwa sana hilo, Ipagala na huku, na sijui utawajibuje. Sina la kukusaidia.

Sijakusamehe. Nakuambia mapema usije ukachanganya. Ulichofanya juzi ulikuwa unadaiwa mwaka mzima, na umekifanya kwa sababu nilikutisha. Barua yako nimeichoma jana jikoni, Mwanne shahidi, kwa hiyo hilo la kutishana limekwisha.

Lingine ni hili. Mama masikio yamekwisha, hasikii ila umsogelee kabisa, pale kanisani hakupata hata neno moja. Ulipokaa akanivuta mkono, akauliza kwa ile sauti yake anayodhani ni ya chini.

"Kasema wangapi?"

Nikamwandikia kiganjani kwa kidole, sita. Akatikisa kichwa, akaridhika. Kisha akauliza tena.

"Kaanza na nani?"

Nikaweka mdomo sikioni kwake nikamwambia kaanza na Evodia, mama.

Akasema, "Vizuri. Ndiye mkubwa."

Ukija kumwona, usimsahihishe.

Cornel